Mwanajeshi wa Kitabuni na Yule wa Nyumbani Kwangu

Nilivumilia mengine yote. Povu ndilo lilinishinda.

Ilikuwa siku ya kufunga shule. Wazazi tulikuwa tumeketi kwenye madawati yaliyotolewa nje, saa nne asubuhi, na jua la huku kwetu Kanja lilikuwa halijaamua kama litatoka au litabaki huko lilikokuwa. Gredi ya tano wakaitwa na mchezo wao. Mwalimu wao, msichana bado, akatangaza kwamba mchezo umetolewa katika kitabu cha hadithi ambacho kila mzazi alinunua muhula huu, kile cha mwanajeshi anayerudi kutoka vitani. Nikajua ni kitabu gani. Mume wangu, aliyekuwa ameketi mwisho wa dawati karibu na njia, akajua pia. Alisogeza tu miguu.

Mwanajeshi akatokea nyuma ya shuka walilolifanya pazia. Alikuwa amevaa jaketi ya jeshi iliyomfika magotini na sufuria kichwani. Akapiga mayowe. Akajitupa chini. Akaviringika kwenye nyasi, akasimama, akamfukuza mke wake na kijiti cha bunduki, na alipogeuka kututazama mdomo wake ulikuwa umejaa povu jeupe la sabuni lililokuwa likitiririka hadi kidevuni. Wazazi wakacheka. Si kucheka kwa adabu. Mama aliyekuwa mbele yangu alimpiga mwenzake begani akasema, "Ona Afande. Huyo sasa ni Afande kabisa."

Afande ni jina ambalo kijiji kizima humwita mume wangu. Jaketi ilikuwa ya mume wangu. Na mtoto aliyekuwa ndani ya jaketi alikuwa binti yetu wa kwanza.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimefika, nimemshika kidevu, natumia ncha ya leso yangu kumpangusa mdomo, na yeye ananinong'oneza, "Mama, bado sijamaliza."

"Umemaliza."

"Kuna mahali nachoma nyumba."

"Nimesema umemaliza."

Kisha nikamgeukia mwalimu na nikasema kwa sauti ambayo hata wale waliokuwa jikoni wakipika pilau ya wageni waliisikia: "Mwalimu, ugonjwa huu mnaochekea una mwenyewe, na ameketi pale."

 Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Nikageuka nione ni mjinga gani. Alikuwa baba yake mtoto. Amesimama wima, anapiga makofi taratibu, mapigo sawasawa, kama mzazi anavyotakiwa kumpigia mtoto wake aliyetoka kucheza mchezo. Alipiga hadi mwisho, akaketi.

Watu wanasema niliharibu siku. Sawa, niliharibu. Lakini siku ile ilikuwa imeharibika zamani, na kama nitasema ukweli wote, mtu wa kwanza kuiharibu ni mimi.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi kwa miaka tisa. Alipelekwa ng'ambo ya mpaka mara mbili. Mara ya pili, gari lililokuwa mbele ya gari lao lilikanyaga bomu. Hayo ndiyo ninayoyajua kwa sababu hayo ndiyo aliyoniambia, na aliniambia siku moja tu, akikama ng'ombe, bila kugeuza kichwa. Baadaye wakamwachisha kazi kwa sababu za kiafya, wakampa karatasi, vidonge, na siku moja kila mwezi ya kuonana na daktari mjini.

Sasa, mimi nilisoma hadi kidato cha nne, upande wa Nkubu nilikozaliwa. Shuleni kwetu maktaba ilikuwa rafu tatu, na rafu moja nzima ilikuwa hadithi za vita. Wasichana wengine walizozana juu ya zile za mapenzi, mimi nikasoma vita vyote nikavimaliza. Kwa hiyo niliposikia anarudi nilijiona najua. Nilikuwa nimefundishwa. Katika vitabu vile mwanajeshi hurudi nyumbani kwa njia mbili. Anarudi shujaa, apewe nishani na ng'ombe achinjwe, au anarudi kichaa, apige kelele usiku, amkabe mkewe akidhani ni adui, na ukurasa wa mwisho kuna damu. Na mke pia ana kazi mbili tu, kulia mume akiondoka na kufa akirudi. Sikuwahi kusoma hadithi hata moja ambayo mwanajeshi anarudi na anaosha vyombo.

Wiki moja kabla hajafika nilificha mapanga. Tulikuwa nayo mawili, la kukata majani ya nepia ya ng'ombe na la kuni. Niliyapeleka stoo nikayaweka chini ya magunia ya maharagwe, nikapanga magunia vizuri, nikajiambia mama mwenye watoto lazima awe na akili.

Alirudi Jumanne. Jumatano asubuhi ng'ombe wakalia, akazunguka nyumba akitafuta panga. Nikamwambia yamepotea yote mawili, kuna wezi siku hizi. Akaniangalia kidogo. Hakuuliza. Alhamisi niliporudi kutoka kuchuna majani chai nilikuta nepia imekatwa na kufungwa mizigo mitatu, ng'ombe wanakula. Nilikimbia stoo. Panga lilikuwa chini ya magunia ya maharagwe, mahali pale pale nilipoliweka, limeoshwa na kukaushwa.

Ijumaa vivyo hivyo. Jumamosi vivyo hivyo. Kila siku alinyanyua magunia, akatoa panga mahali nilipolificha, akakata chakula cha ng'ombe, akaliosha, akalirudisha mahali nilipolificha, akapanga magunia kama nilivyoyapanga. Miezi minne. Hatukulizungumzia. Siku moja aibu iliponizidi nikamwambia, "Hiyo panga wacha tu ikae nje, Baba."

Akasema, "Wacha ikae pale uliiweka. Ndiyo ulale."

Nataka mtu anionyeshe hadithi ya vita yenye mtu kama huyo.

Na simfanyi malaika. Ugonjwa upo. Mimi nina miaka ishirini na tisa na siku nyingine naona kama nimeolewa na kiti. Huketi akiangalia mlango, na ukiketi mbele ya mlango atahama. Kule tunakopimia majani chai hawezi kusimama foleni mtu akiwa nyuma yake, hivyo hubeba gunia hadi ukutani, anaegemea, anangoja watu wote wapimiwe, anakuwa wa mwisho. Msimu wa makadamia ndio mbaya zaidi. Mti wetu uko juu ya jikoni na kokwa zikidondoka kwenye mabati hulia kama risasi. Kitabuni, hapo mwanajeshi angeruka chini ya meza. Huyu wangu huweka kikombe chini. Hungoja. Anahesabu kitu sijui gani, mimi naona midomo tu. Kisha huchukua kikombe akaendelea kunywa chai ambayo imeshapoa. Kuna siku hulia akimenya viazi, machozi tu, bila sauti, kisu kinaendelea. Ukimwambia unalia, hugusa shavu kwanza ahakikishe.

Ni hayo. Ni mazito, yananimaliza, na hayana kelele yoyote. Ukipita njiani ukachungulia hutaona kitu. Utaona mwanaume anamenya viazi, useme mama huyu ana bahati.

Kitabu kiliingia nyumbani mwanzo wa muhula. Jalada lake lina mwanajeshi mwenye macho mekundu. Nilikilipia mwenyewe, na mume wangu mwenyewe akakitia jalada la karatasi ya kaki, kwa sababu vitabu vya watoto ni kazi yake, hukunja pembe zikalingana utadhani ni kitanda cha kambini. Hadithi ni fupi. Mtu anarudi kutoka vitani, anachezewa ngoma, sura ya pili anaanza kupiga mayowe, sura ya nne anatokwa na povu, sura ya mwisho anachoma nyumba na watoto wakiwa ndani. Kila sura inafuatwa na maswali ya ufahamu, maana sisi hatuwezi kumwachia mtoto hadithi bila kumuuliza maswali.

Jumamosi moja nilimkuta mume wangu amesimama mezani na daftari la binti yetu. Alikuwa amelisoma na alikuwa bado analisoma. Nikachungulia begani kwake. Swali lilisema: Taja dalili tano zinazoonyesha kuwa mtu aliyetoka vitani ni hatari. Na kwa mwandiko wa mtoto wangu, ule wa kuviringa:

Huketi akiangalia mlango.

Haongei tukila.

Huosha panga kila siku.

Hulia akimenya viazi.

Haimbi kanisani.

Alama ya vema mara tano, kalamu nyekundu. Tano kwa tano. Chini yake, Vizuri sana.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo katika kitabu. Baadaye nilikisoma mara tatu kutafuta. Mtoto hakuona kitabuni kitu kinachofanana na kwao, akaandika anachokiona kwao, na akapata zote.

Baba yake alilifunga daftari, akalirudisha kwenye mkoba. Kisha akachukua kitabu chenyewe, akaenda nacho zizini, akaketi juu ya kreti akakisoma chote mchana ule, ng'ombe wakimtazama. Jumapili tukitoka kanisani alibeba godoro dogo akalipeleka stoo.

"Unapeleka wapi hilo?"

"Nimemaliza kusoma," akasema.

"Halafu?"

"Mwisho wake si mzuri."

"Hicho ni kitabu. Mtu aliketi mahali akatunga."

"Labda. Lakini mimi sikuwa najua hizo ni dalili. Nilidhani ni kuchoka." Aliliweka godoro chini, akaanza kulinyoosha kwenye nafasi iliyobaki kando ya magunia. "Huyo wa kitabu pia alikuwa hajui. Inaanza na mwenyewe hajui. Mkae na watoto ndani, mfunge mlango."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyoanza kulala kando ya mapanga niliyomficha.

Watu wa kwao hawakukawia. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hiyo huyu wetu ni mama mkwe wangu mdogo. Baba yake humwita Maitu, yaani mama, na husimama mtoto akiingia nyumbani, mchezo wao. Shosho mwenyewe, yaani nyanya yake, humwita wajina. Alikuja na fimbo yake pamoja na kaka mkubwa wa mume wangu, wakakataa chai, na ukiona mtu wa huku anakataa chai jua ameleta neno.

"Nimekuja kuchukua wajina wangu," shosho akasema. "Pamoja na yule mdogo."

"Kuwapeleka wapi, Maitu?"

"Kwangu. Hata yeye mwenyewe ameona afadhali atoke ndani."

Kaka mkubwa akadakia. "Shemeji, mtu mwenyewe amekiri kwa miguu yake. Wewe unangoja nini? Mpaka moto?"

Nikamuuliza moto gani. Akaangalia kando. Hajawahi kufungua kile kitabu, lakini mtoto wake yuko darasa moja na wangu, na hadithi ya moto ilikuwa imeshaliwa kwake pamoja na githeri. Nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema mbele ya mama mkwe. Nilisema, "Wewe ukilewa unakojoa mlangoni pako kila Krismasi, na hatujawahi kukuja kuchukua watoto wako."

Shosho alipiga fimbo chini. Lakini niliona mdomo wake umecheza kidogo.

Haikunisaidia. Uamuzi ulikuwa umefanywa njiani. Shule ikifungwa, watoto wahamie kwa shosho. Mume wangu aliitwa kutoka stoo, akaulizwa, akasema ndiyo, iwe hivyo. Nilimwangalia hadi akainamisha macho. Nilimpigia mama yangu simu Nkubu, na yeye, ambaye kwa heshima ya ukwe hajawahi kukaa meza moja na mume wangu wala kumtazama usoni sawasawa, akanijibu, "Mwanangu, mimi huyo sijui kama ni mbaya. Najua alinijengea tangi la maji na hakutaka nimwambie asante."

Kwa hiyo siku ya kufunga shule ndiyo ilikuwa siku ya kuhamisha watoto. Nilikwenda pale nikijua nguo zao zimefungwa kwenye mfuko kitandani. Nilichokuwa sijui ni nani atakuwa mwanajeshi. Binti yangu alisema tu yuko kwenye mchezo. Jaketi aliitoa kwenye sanduku mwenyewe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wanne, mdogo mgongoni mwa baba yake. Tukafika kwenye daraja. Hapo baba akasema, "Maitu, jaketi ilikukaa vizuri. Lakini jeshi halina sufuria."

Akacheka, mtoto wangu, halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, na ladha ya sabuni bado iko mdomoni. Baba yake hakumgusa. Alisimama akangoja amalize, kama anavyongoja kokwa za makadamia.

Jikoni nilimpa maji asukutue, nikamuuliza. Nilimuuliza kwa hasira, nakiri. Ni nani alikuambia uvae jaketi ya baba yako umfanye kichaa mbele ya watu?

"Nilijitolea," akasema. "Mwalimu aliuliza nani anajua vile mwanajeshi hukaa akirudi nyumbani. Nikainua mkono. Nikamwonyesha."

"Ukamwonyesha nini?"

Alivuta kigoda, akakigeuza kikaelekea mlango, akaketi. Mikono magotini. Akatazama mlango. Hakufanya kitu kingine. Halafu akanyanyua kikombe ambacho hakikuwepo, akanywa, akasimamisha kichwa kana kwamba kuna kitu kimedondoka juu ya mabati, akakiweka kikombe chini. Midomo ikasogea. Akangoja. Akakinyanyua tena akanywa, na nikaona kwa namna alivyokunja uso kwamba chai imepoa.

 Sijawahi kuona mtu akimwigiza mume wangu, na sikujua mtoto huyu wa miaka kumi alikuwa amemtazama hivyo.

"Mwalimu akasema ni vizuri lakini hivyo watu hawataona," akaendelea. "Akasema niongeze sauti. Nikaongeza. Akasema bado, kitabuni anatokwa na povu. Ndiyo nikafikiria sabuni."

Nyuma yangu mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Sijui baba yake alikuwa amesimama pale tangu lini.

Kesho yake, shosho akiwa bado hajaja kuchukua watoto, nilikwenda shuleni. Walimu walikuwa bado wanamalizia ripoti. Yule wa gredi ya tano aliponiona alisimama, akanipa kiti, akawa mpole kabisa.

"Pole kwa jana, mama. Sikufikiria. Lakini pia tuelewane, ile ni fasihi. Ni kutunga."

"Mwalimu, mwenye kitabu alitunga. Wewe ukaongeza sauti. Mtoto wangu akaongeza sabuni. Shemeji yangu akaongeza moto. Sasa mume wangu analala na maharagwe. Hebu niambie, kutunga huwa kunaishia wapi?"

Akachezea kalamu. Ilikuwa ile nyekundu. "Mchezo wa mtu ameketi tu, mama. Wazazi wangelala."

"Mimi nimeutazama miaka miwili na sijalala."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto arobaini na saba na kitabu alichopewa. Nilimwuliza kama yeye amewahi kuona mwanajeshi aliyerudi. Akasema hapana, yeye anaishi Majimbo pale mjini, huko kuna walimu na makarani. Amewasoma tu. Kama mimi, basi. Hapo hasira yangu ilikosa mahali pa kusimama, na hasira ikikosa mahali pa kusimama huwa mbaya zaidi. Nilimwambia sitaliachia hapo.

"Basi, mama, ukiwa na malalamiko yaandike," akasema.

Huku kwetu mtu akikuambia uandike, anajua hutaandika. Jambo hupelekwa kwa wazee wa kanisa, au kwa chifu, linanywewa chai, linaisha likiwa halijaisha. Kuandika ni kama kuchukia. Nilinunua karatasi za mistari nikiwa bado barabarani.

Kabla ya kuandika nilikisoma kitabu mara ya tatu, maana sikutaka mtu aseme mama huyu analalamikia kitu asichokijua. Nitamtendea haki aliyekiandika. Ukurasa wa thelathini na moja, mwanajeshi anasimama kwenye sherehe yake ya kukaribishwa na kuhesabu viti, na hajui kwa nini anavihesabu. Mistari minne tu. Mistari hiyo minne ni ya kweli hadi inauma. Aliiona, huyo mwandishi, aliiona kabisa, halafu akaogopa wasomaji watalala, akaleta povu.

Niliandika mezani, mchana, mume wangu akipukuchua maharagwe upande wa pili, uso mlangoni. Nilipomaliza nilimsomea. Alinyoosha mkono akataka aone mwenyewe. Akasoma polepole, akaweka kidole.

"Hapa umedanganya."

"Wapi?"

"Umesema mume wangu si mgonjwa."

"Nataka waache kukuita kichaa."

"Mimi ni mgonjwa," akasema. "Ukiandika si mgonjwa watasema basi huyo ni mbaya tu. Andika mgonjwa."

Nilikata mstari. 

"Na panga?" akauliza. "Umeandika ile ya panga?"

"Hiyo haihusu shule."

"Inahusu vitabu."

"Hiyo ni aibu yangu, Baba."

"Ndiyo," akasema, akarudi kwenye maharagwe. "Iandike."

Nilianza upya kwa karatasi safi, nakala mbili. Kabla ya kuipeleka nilipita kwa shosho, nikamsomea pia, nikimtafsiria, kwa sababu siri za nyumbani kwake zilikuwa zinaenda ofisini. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye panga alifumbua. Akasema watoto wangoje nyumbani kwetu mpaka karatasi ijibiwe, na kwamba kaka mkubwa akiuliza nimwambie ni yeye amesema. Ni kungoja tu. Mfuko wa nguo haujafunguliwa, bado uko juu ya kitanda, na godoro bado liko stoo.

Mume wangu alinisindikiza hadi ofisi ya elimu mjini. Hakuingia. Alipata ukuta wa jengo, akauegemea, mdogo wetu mabegani. Ndani, karani alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, hii ni malalamiko ama ni hadithi?"

"Piga mhuri."

Alisoma hadi mwisho kwanza. Kisha akapiga mhuri nakala zote mbili, akanipa yangu. Imeandikwa hivi:

KUH: MALALAMIKO KUHUSU KITABU CHA ZIADA NA MCHEZO WA GREDI YA TANO

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa gredi ya tano. Nalalamika rasmi juu ya swali la ufahamu linalowataka watoto wataje dalili za hatari za mtu aliyetoka vitani, na juu ya mchezo ulioonyeshwa siku ya kufunga shule.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Ni mgonjwa. Ana daktari na anameza dawa. Ugonjwa wake haupigi kelele na haujamdhuru mtu. Mtoto wetu alijibu swali hilo kwa kumwandika baba yake na akapewa tano kwa tano. Baba yake alisoma majibu hayo, akaamini, na hadi leo ninapoandika analala stoo. Familia yake inataka kuwaondoa watoto nyumbani.

Ninakiri kwamba mimi ndiye nilianza. Kabla hajarudi nilimficha mapanga kwa sababu ya vitabu vya vita nilivyosoma nikiwa shuleni. Aliyaona siku ya tatu. Amekuwa akilitoa panga la nepia na kulirudisha mahali nilipolificha ili mimi nilale. Ninalisema hili ili mjue kwamba mtoto aliyefundishwa kitu na kitabu hukua nacho.

Siombi kitabu kichomwe. Ukurasa wa thelathini na moja usomwe darasani kwa sauti. Swali lile liondolewe, na alama tano alizopewa mtoto wangu zifutwe, kwa kuwa majibu yale yalikuwa ya swali lingine.

Naomba pia mtoto wangu aruhusiwe kuigiza tena siku ya kufungua shule, vile alivyomwonyesha mwalimu mara ya kwanza, akiwa ameketi kwenye kiti na kuangalia mlango, bila sabuni. Huchukua dakika nne. Wazazi wale wale waitwe. Baba yake amesema atakuja, na apewe nafasi mwisho wa dawati, karibu na njia.